Kwa nini darasa zima liliamini The Battle of Algiers ni picha za habari

Swali: Mimi ni mwalimu wa historia wa sekondari hapa Morogoro. Tulipofika kwenye mada ya ukombozi wa Afrika niliwaonyesha vijana wa kidato cha nne filamu ya The Battle of Algiers ya mwaka 1966, kwa projekta, ukutani. Wengi wao walishikilia kwamba zile ni picha halisi zilizopigwa vita ikiendelea. Mmoja akauliza kama wakati ule rangi ilikuwa haijavumbuliwa. Sikuwa na jibu zuri. Kilichonishangaza zaidi ni kwamba watoto hawa, waliozoea filamu za rangi zenye milipuko kila dakika, walikaa kimya saa mbili nzima. Filamu hizi za vita za nyeusi na nyeupe zilitengenezwaje, na zina nini hata leo bado zinawashika watu?

Jibu: Mwalimu, wanafunzi wako hawana la kuonea haya. Watu wazima, tena wanaoishi kwa kazi ya filamu, waliamini hivyo hivyo, hadi nakala zilizoonyeshwa Marekani zikawekewa tangazo kwamba ndani yake hamna hata futi moja ya picha za habari. Na kweli hamna. Mabomu, maandamano, askari wa miavuli wakipanda ngazi za Casbah, ule mji wa kale wa Waalgeria ndani ya Algiers, vyote vilipangwa, vikafanyiwa mazoezi na kurudiwa mbele ya kamera, miaka mitatu baada ya Algeria kupata uhuru.

Nianze na la rangi. Rangi ilikuwepo, tena kwa miaka mingi. Technicolor ya mikanda mitatu ilikuwa ikitumika tangu miaka ya 1930. Shida yake ilikuwa mzigo: kamera kubwa inayopitisha mikanda mitatu kwa pamoja, taa nyingi zenye joto kali, na gharama ambayo si kila studio iliiweza. Huwezi kukimbia nayo ndani ya handaki. Mwaka 1950 Kodak wakaleta Eastmancolor, mkanda mmoja wa rangi unaoingia kwenye kamera ya kawaida, na kuanzia hapo rangi ikaenea. Kwa hiyo ukikuta filamu ya vita ya 1930 haina rangi, aliyeitengeneza hakuwa na njia nyingine ya maana. Ukikuta ya 1957 au 1966, ujue mtu alikaa akaamua. Fedha ilichangia, kwa sababu mkanda usio na rangi ulikuwa nafuu. Lakini kwa Gillo Pontecorvo, mwongozaji wa filamu uliyoonyesha, sababu kubwa ilikuwa kuaminiwa.

Fikiria watu wa kizazi kile waliionaje vita. Waliiona kwenye jumba la sinema, kabla ya filamu yenyewe kuanza, katika dakika chache za filamu ya habari: miji inaungua, mateka wanapita kwa mistari, majenerali wanasaini karatasi. Wapiga picha waliozileta walibeba kamera ndogo kama Eyemo ya Bell & Howell, inayoendeshwa kwa springi, yenye mkanda wa futi 100 unaokwisha baada ya dakika moja na sekunde chache. Picha zilitikisika. Sura za watu zilikuwa na giza upande mmoja kwa sababu hakuna aliyekuwa na nafasi ya kupanga taa. Vita hiyo hiyo ilipigwa pia kwa rangi mara kadhaa, kwa mfano John Ford alipopiga mapambano ya Midway mwaka 1942, lakini kilichowajaa watu kichwani ni kile kijivu cha kila wiki. Jicho likazoea kwamba rangi ni hadithi na kijivu ni habari. Wanafunzi wako hawajawahi kukaa kwenye sinema ya namna hiyo, ila mazoea hayo wameyarithi. Waulize picha ya Mwalimu Nyerere amebebwa mabegani mwa watu wakati wa uhuru ina rangi gani. Kwao pia, historia yenye ushahidi huja bila rangi.

Pontecorvo aliielewa imani hiyo na akaamua kuitumia. Alikuwa Muitaliano wa ukoo wa Kiyahudi, aliyewahi kupiga picha na kuandika habari, na wakati wa Vita vya Pili alikuwa kiongozi wa vijana waliopigana kwa siri dhidi ya Mafashisti kule Milan. Maisha ya kulala nyumba hii leo na ile kesho aliyajua kwa mwili wake. Yeye na mwandishi Franco Solinas walikuwa tayari na wazo la filamu kuhusu Algeria, yenye shujaa Mfaransa aliyekuwa askari wa miavuli kisha akawa mwandishi wa habari, na nyota waliyemfikiria ni Paul Newman. Saadi Yacef, aliyeongoza mtandao wa FLN, chama kilichopigania uhuru wa Algeria, ndani ya jiji la Algiers, akaja Italia kutafuta mwongozaji, naye ana hadithi yake aliyoitoa kwenye kumbukumbu alizoandika gerezani. Pontecorvo akaikataa ya Yacef kwa kuwa ilikuwa propaganda tupu. Yacef naye hakulitaka lile wazo la kumweka Mzungu katikati ya vita ya Waalgeria. Filamu tunayoijua ni ya tatu, iliyozaliwa baada ya pande zote mbili kuachia kitu, na nadhani sehemu kubwa ya nguvu yake imetoka hapo.

Yacef hakuishia kuitayarisha. Aliingia mbele ya kamera, akaigiza kiongozi anayeitwa Djafar, ambaye ni yeye mwenyewe, katika vichochoro vilevile alivyojificha hadi alipokamatwa Septemba 1957. Alikuwa amehukumiwa kifo, kisha akasamehewa. Brahim Haggiag, aliyeigiza Ali La Pointe, alikuwa mtu wa kawaida asiyejua kusoma, hajawahi kuigiza maishani, na Pontecorvo alimchagua kwa sababu ya uso wake. Karibu wote unaowaona ni watu wa mitaani wa Algiers. Muigizaji mmoja tu ndiye wa kazi hiyo, Jean Martin, yule Kanali Mathieu mwenye miwani myeusi. Martin alikuwa mtu wa jukwaani Paris, na alikuwa ametia saini tamko la wasomi na wasanii 121 waliopinga vita ya Algeria, jambo lililomgharimu kazi. Umemwona anavyotembea mbele ya askari wake, mgongo umenyooka, sauti haipandi? Wengine wote wanaonekana watu, yeye anaonekana mtu aliyefunzwa kusimama. Tofauti hiyo inafaa kabisa kwa afisa wa jeshi la kikoloni katikati ya raia.

Sasa tuje kwenye kamera, kwani ndipo darasa lako lilipokamatwa. Mpiga picha alikuwa Marcello Gatti. Jambo la kwanza walilofanya ni kukaa mbali. Walitumia lenzi ndefu, zile za kuvuta kitu cha mbali, kwa hoja kwamba ndivyo mpiga picha wa habari anavyoona: yuko upande wa pili wa barabara, hawezi kusogea, anavizia. Lenzi ndefu ina tabia ya kuwabananisha waliopo nyuma na waliopo mbele, hivyo umati wa mamia unaonekana maelfu, na uso mmoja unachomoza kati ya mabega ya watu kisha unazibwa. Wakati mwingine kamera inachelewa kumpata anayezungumza. Wangeweza kuyaondoa hayo. Waliyaacha, wakayatafuta kabisa.

La pili lilifanyika maabara. Kwa kawaida negativu, ule mkanda wa awali uliotoka kwenye kamera, ndiyo inayotoa nakala za kuonyeshwa. Wao waliinakili kwanza kwenye negativu nyingine. Kila ukinakili, kijivu cha katikati kinapungua, weusi unazidi kuwa mweusi, weupe unaungua, na chembechembe za mkanda zinajitokeza. Ni kama mtihani wa majaribio uliotolewa fotokopi juu ya fotokopi, herufi zinabaki ila karatasi imechafuka. Picha safi ya studio ikageuka picha iliyopita mikono mingi. Macho ya kijana wako wa kidato cha nne hayana habari na maabara, lakini yanausoma uchafu ule na kusema: hii ilikuwepo.

Rangi ingeliharibu jambo hili papo hapo. Casbah ni mji wa kuta nyeupe, vigae, nguo za kuanikwa, bahari ya buluu kwa chini. Kwa rangi ungekuwa unatazama mji mzuri. Bila rangi unabaki na ngazi, kona, mlango, na uso wa mtu. Damu inakuwa doa jeusi, haishangazi jicho, kwa hiyo jicho linarudi usoni kwa aliyeumia. Hapa ndipo ninapoona jibu la swali lako la pili, la kwa nini vijana walinyamaza. Mlipuko wa rangi ni tamasha hata pale mtengenezaji anapotaka uhuzunike. Moto wa rangi ya chungwa unapendeza, huna la kufanya. Mlipuko wa kijivu ni vumbi. Mtu anabaki kungoja vumbi litue aone nani amepona.

Chukua dakika zile za wanawake watatu. Mwezi Agosti 1956 bomu lilitegwa usiku katika mtaa wa Thèbes ndani ya Casbah, likaua watu waliolala. Tarehe 30 Septemba FLN wakajibu kwa kutega mabomu katika maeneo ya Wazungu, mojawapo mgahawa ulioitwa Milk Bar. Filamu inaonyesha wanawake watatu wakijiandaa mbele ya vioo. Wanavua haik, lile shuka jeupe linalofunika mwili, wanakata nywele, wanazipaka rangi, wanajipamba wawe kama Wafaransa. Solinas alikuwa ameandika mazungumzo kwa sehemu hiyo. Pontecorvo akayaondoa yote, akaacha ngoma peke yake, ngoma ya Kialgeria inayokwenda kama moyo wa mtu anayekimbia. Hakuna anayetueleza lolote, na hatuhitaji. Bila rangi tunaona nywele nyeusi zikianguka na nyuso zikibadilika utaifa mbele yetu.

Kisha mmoja anapita kizuizi cha askari, anaingia mgahawani, anaketi, kapu lake miguuni. Anatazama watu. Na kamera inatazama anachokitazama: wateja kwenye kaunta, wanawake wanazungumza, mtoto mdogo analamba aiskrimu. Ukitaka kujua kwa nini filamu hii haikuzeeka, simama hapo. Filamu imeegemea upande wa Algeria, haifichi, lakini inakulazimisha uwaone wanaokwenda kufa na inakunyima njia ya kuwafanya wabaya. Baadaye, wafu wanapotolewa kwenye kifusi, muziki unaopigwa ni uleule uliopigwa kwa wafu wa mtaa wa Thèbes. Pontecorvo, aliyeutunga muziki wa filamu hii pamoja na Ennio Morricone, alifanya hivyo kwa makusudi. Wafu wa pande mbili, wimbo mmoja. Sijui njia ya uaminifu zaidi ya kuonyesha vita ndani ya jiji, na nimewaonyesha wanafunzi wangu wa uhariri kipande hicho mara nyingi kuliko kingine chochote.

Haki hiyo ndiyo iliyowakera wakubwa. Filamu iliposhinda Simba wa Dhahabu, tuzo kuu ya tamasha la filamu la Venice, mwaka 1966, ujumbe wa Ufaransa ulikuwa umesusia. Ufaransani haikuonyeshwa hadi 1971, na hata hapo kumbi zilizothubutu zilitishwa na kushambuliwa. Wakati huohuo Black Panthers, wanaharakati weusi wa Marekani, waliitazama kama somo la mapambano, na mwezi Agosti 2003, Marekani ikiwa imekwama Iraq, Pentagon, makao makuu ya jeshi la Marekani, nayo iliwaitia maafisa wake kuitazama, somo likiwa jinsi jeshi linavyoweza kushinda mapigano na bado likashindwa vita. Adui wawili kujifunza kwenye filamu moja ni jambo la nadra. Haliwezekani kwa filamu inayodanganya upande wowote.

Kuna sehemu moja ambayo wewe kama mwalimu wa historia utaithamini. Larbi Ben M'hidi, kiongozi wa FLN, anakamatwa, analetwa mbele ya waandishi wa habari, baadaye jeshi linatangaza kwamba amejinyonga. Katika filamu, mwandishi mmoja anauliza maswali ya kutia shaka, na afisa anakosa jibu la kuridhisha. Huo ulikuwa mwaka 1966. Mwaka 2001 Jenerali Aussaresses wa Ufaransa akaandika kwamba ni yeye aliyesimamia kunyongwa kwake. Novemba 2024 Rais Macron akakiri kwa niaba ya Ufaransa kwamba Ben M'hidi aliuawa na wanajeshi wa Kifaransa. Wape wanafunzi tarehe hizo tatu ubaoni.

Uliuliza kwa wingi, kuhusu filamu hizi zote, kwa hiyo nigusie wengine ambao Pontecorvo aliwakuta njiani.

Ya kwanza ni All Quiet on the Western Front ya Lewis Milestone, 1930. Sauti ilikuwa ndiyo kwanza imeingia kwenye filamu, na kamera za wakati ule zilifungiwa ndani ya masanduku ili mlio wake usinaswe na maikrofoni. Milestone alikataa kufungwa. Mapigano aliyapiga bila sauti, kamera ikiwa huru juu ya winchi, milio ikaongezwa baadaye. Ndiyo maana shambulio lake linakwenda: kamera inateleza kuufuata mstari wa wanaokimbia, bombomu linawafyeka kwa mpangilio, mmoja baada ya mwingine, kwa mwendo wa mashine. Kisha kombora linalipuka kwenye seng'enge, moshi unaondoka, na kilichobaki kwenye waya ni mikono miwili ya mtu. Haipiti hata sekunde chache, hakuna damu. Ilipoonyeshwa Berlin Desemba 1930, Goebbels, mkuu wa propaganda wa Wanazi, na watu wake waliachia panya weupe na mabomu ya harufu mbaya ukumbini, na siku chache baadaye serikali ikaipiga marufuku. Walioogopa walijua wanachokiogopa.

Ya pili ni Paths of Glory ya Stanley Kubrick, 1957, kuhusu askari wa Kifaransa wanaohukumiwa na jeshi lao wenyewe kwa shambulio lisilowezekana. Ilipigwa karibu na Munich, na askari wale wa Kifaransa unaowaona kwa kweli walikuwa polisi wa Kijerumani. Kubrick aliligawa shamba la mapigano katika maeneo, na kila muigizaji wa umati alijua anapaswa kufia eneo gani. Lakini kinachokaa moyoni ni matembezi ya Kirk Douglas ndani ya handaki. Kamera inarudi nyuma mbele yake, wanajeshi wamejipanga kuta mbili, na sisi tunalazimika kukutana na uso mmoja baada ya mwingine. Halafu linganisha na kasri wanamokaa majenerali: sakafu inang'aa kama maji, dari ziko juu, mwanga umejaa. Bila rangi, tofauti ya tabaka inakuwa tofauti ya mwanga. Wa chini wanaishi kwenye giza na tope, wa juu kwenye weupe. Ufaransa haikuiona filamu hii hadi 1975.

Na Warusi, ambao sisi huku tunawasahau bure. The Cranes Are Flying ya Mikhail Kalatozov, 1957, ilipigwa na Sergei Urusevsky, mtu aliyekuwa mpiga picha wa vitani kweli. Ungetegemea arudi na picha za kutikisika za habari. Akafanya kinyume. Kijana Boris anapopigwa risasi kwenye tope, miti juu yake inaanza kuzunguka, na ndani ya mzunguko huo tunaona arusi ambayo hatakuja kuifunga. Ilipata Palme d'Or, tuzo kuu ya tamasha la filamu, kule Cannes mwaka 1958. Nakutajia hii ili ujue kwamba nyeusi na nyeupe ilibeba zaidi ya sura ya habari. Ilibeba ndoto pia, na kwa mkono wa Urusevsky nadhani ilibeba ndoto kuliko rangi yoyote niliyoiona.

Nirudi kwa The Battle of Algiers, maana sitaki uifundishe kama msahafu. Mtayarishaji wake ni mmoja wa wahusika wa historia ile, na kuna mambo hayamo. FLN walipigana pia na Waalgeria wenzao wa chama cha MNA, watu wengi wakafa katika ugomvi huo, na filamu imeupita. Vita kubwa ilikuwa mashambani na milimani. Jiji ni sehemu yake tu. Kuhusu wale wanawake, naona filamu imewatumia vizuri na imewanyima mengi. Zohra Drif na Djamila Bouhired walikuwa watu wenye majina, fikra na maneno yao, waliofungwa kwa yale waliyofanya, lakini ndani ya filamu wanabaki nyuso zinazopita kizuizi. Ngoma ile nimeisifu na naendelea kuisifu. Hata hivyo mwanafunzi wa kike akikuuliza kwa nini hawakupewa la kusema, ana hoja, na usiizime.

Kuhusu sisi na filamu ile, uhusiano upo bila kuulazimisha. Seng'enge, vitambulisho, mtu aliyefunikwa uso akinyoosha kidole kwa wenzake: Nairobi iliyaona yote Aprili 1954, Waingereza walipouzingira mji katika Operesheni Anvil na kuwakamata maelfu kwa maelfu, huku wale watoa habari waliovikwa magunia, gakunia kama Wakikuyu walivyowaita, wakiamua kwa kutikisa kichwa nani aende kambini. Mandela alipata mafunzo kwa wapiganaji wa Algeria mwaka 1962, kule Oujda, Moroko. Mwaka uliofuata vijana wa FRELIMO, Samora Machel akiwemo, walitoka Dar es Salaam kwenda Algeria kujifunza vita. Na chama cha Mandela kilifanya mkutano wake mkubwa wa kujipanga upya mwaka 1969 katika mji wenu, Morogoro. Wanafunzi wako wanaposoma mada ya ukombozi, Algiers haiko mbali nao kama ramani inavyosema.

Mambo machache ya kuonyesha, kwa sababu filamu hizi zinauawa na vyombo. Kama unatumia televisheni, zima ule mpangilio wa kulainisha mwendo na ule wa kuondoa chembechembe. Televisheni inadhani chembechembe ni kasoro, inazipangusa, na uso wa Ali La Pointe unatoka kama wa sanamu ya plastiki. Nakala iliyobanwa sana ili itumwe kwa simu inafanya uharibifu huohuo. Mwaka 2016 filamu hii ilirekebishwa upya kwa ubora wa 4K huko Bologna, Italia. Ukipata nakala iliyotokana na kazi hiyo, chukua hiyo. Giza la chumba ni muhimu kuliko ukubwa wa picha, kwa hiyo ziba madirisha hata kwa mablanketi. Ukikutana na nakala yoyote ya filamu hizi iliyopakwa rangi na kompyuta, iache. Gatti, Urusevsky na Kubrick walipanga mwanga kwa kuhesabu kijivu. Ukimwaga rangi juu yake hesabu yote inaharibika.

Lugha ni Kifaransa na Kiarabu. Najua vijana wetu wamelelewa na wasimuliaji wa mabanda ya video wanaozungumza juu ya filamu mwanzo hadi mwisho, na sanaa hiyo naipenda. Kwa filamu hii usiiruhusu. Vigelegele vya wanawake wa Casbah usiku, ngoma, na ukimya baada ya bomu ni nusu ya filamu. Wasomee maelezo kabla, kisha waachie maandishi ya chini na masikio yao. Uwaambie pia mapema kwamba inaanza na mzee aliyetoka kuteswa, na kwamba baadaye mateso yanaonyeshwa wazi zaidi, ili anayehitaji kutoka atoke bila kuchekwa.

Ukipata kipindi kingine, rudia sehemu ya wanawake na vioo mara mbili, mara ya kwanza bila sauti, mara ya pili na ngoma, kisha waambie waandike ukurasa mmoja tu: ni nini kilichowafanya waamini ni picha halisi, na kipi, wakitazama vizuri, kinaonyesha kwamba kamera ilijua mapema kitakachotokea. Watakigundua. Kamera ya habari haiwezi kuwa ndani ya chumba kile, wala haiwezi kumngoja mwanamke upande wa pili wa kizuizi kabla hajafika. Wakimaliza zoezi hilo na bado wana hamu, endelea na Paths of Glory. Ina dakika 88, inaingia kwenye vipindi viwili ukiiba kidogo muda wa mapumziko.